Hori Lisilo na Riwaya

Kitabu chenyewe ni chembamba, unaweza kukimaliza kati ya Alasiri na Isha kama hakuna wa kukukatiza. Mie nilikatizwa. Nilikuwa nimekaa barazani kwa babu yangu, Ndagoni, na babu hawezi kumuona mtu kainamia karatasi asimuulize kuna nini humo. Kwa hiyo riwaya ya Jon Fosse, Morgon og kveld kwa lugha yake, Morning and Evening katika tafsiri ya Kiingereza niliyokuwa nayo mkononi, nimeisoma mara mbili: mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili kwa kumsimulia mzee aliyetega madema katika hori la Chake Chake kwa zaidi ya miaka hamsini. Haya ninayoyaandika yanatokana na usomaji wa pili.

Kwa asiyemjua, Fosse ndiye aliyepata Nobel ya fasihi mwaka 2023, miaka miwili baada ya Abdulrazak Gurnah kuipata na sisi Wazanzibari kuanza kugombania ni mtoto wa mtaa gani. Kazaliwa Haugesund mwaka 1959, kakulia Strandebarm, kijiji kidogo kando ya fyodi ya Hardanger, magharibi ya Norwe. Fyodi ni bonde refu lililochimbwa na barafu zama za baridi kubwa. Barafu ikayeyuka, bahari ikaingia, ikakaa. Watu wakajenga pembezoni, kwenye kipande chembamba cha ardhi kati ya mlima na maji. Kijiji cha namna hiyo ndicho anachokiandika Fosse, kitabu baada ya kitabu, mara nyingi bila hata kukipa jina.

Kisa ni kifupi. Sehemu ya kwanza, Olai, mvuvi, anasubiri huku mkewe Marta anajifungua, na mkunga mzee Anna yuko chumbani naye. Anazaliwa mtoto wa kiume, anaitwa Johannes. Basi. Unafungua sehemu ya pili, Johannes ni mzee, anaamka asubuhi na mwili mwepesi kupita kawaida. Mkewe Erna keshafariki. Anateremka pwani, anamkuta rafiki yake Peter, na hapo msomaji anaanza kutekenywa na wasiwasi, maana Peter naye alikwisha kufa. Wanatoka na mashua. Johannes anatupa mshipi; chuma kinashuka kidogo chini ya uso wa maji, kinasimama. Hakiendi chini.

Nilipofika hapo babu akaniwekea mkono.

"Kafa huyo."

"Bado, babu. Sijafika huko."

"Kafa, mke wangu. Maji hayakatai chuma. Haya, endelea."

Nikaendelea, lakini kwa kweli alikuwa keshanimalizia kitabu. Tahakiki nilizosoma mtandaoni zinaeleza sana imani ya Fosse, ambaye aliingia Ukatoliki utu uzimani, na zinaeleza ukimya, na mwanga, na nukta zilivyo chache katika sentensi zake. Yote ni kweli. Lakini ile alama ya kwanza ya mauti ndani ya riwaya ni habari ya uzito na kina. Mtu ambaye hajawahi kuteremsha kitu baharini anaisoma kama miujiza. Babu aliisoma kama taarifa.

Hapa ndipo nilipoanza kukipenda kitabu kwa sababu nyingine. Kwa Fosse, jiografia si pazia lililotundikwa nyuma ya wahusika. Ukiondoa maji yale ya kina, yaliyotulia kati ya milima, kisa chenyewe hakiwezekani. Na hata mwendo wa sentensi umetoka huko: zinakwenda na kurudi, neno moja linarudiwa mara tatu nne, mtu anasema ndiyo, kisha anasema ndiyo tena, kama anayepiga kasia asiyekuwa na haraka. Mwanzo iliniudhi. Ukurasa wa thelathini hivi nikaacha kupigana nayo.

Sasa nitoke Norwe nirudi kwetu, kwa sababu swali lililonisumbua tangu siku ile si la Norwe. Ndagoni iko kwenye ile rasi ndefu inayotoka upande wa Chake Chake kuelekea magharibi, Ras Mkumbuu. Upande mmoja una hori, upande wa pili una bahari nyengine iliyojaa visiwa, na mbele kabisa unaiona Misali, ambayo wazee husimulia kuwa Nabii Hidhri aliifanya msala wake wa kuswalia. Ukija kwa gari kutoka mjini, Ndagoni ni mwisho wa njia. Dereva akishusha abiria wa mwisho anageuza. Lakini ncha ya rasi ile ina magofu ya msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo, na wapo wanahistoria wanaodhani hapo ndipo ulipokuwa mji wa Qanbalu ambao al-Masudi aliutaja karne ya 10. Maana yake, kwa aliyekuja na jahazi, sisi hatukuwa mwisho. Tulikuwa mlango. Ni barabara ndiyo iliyotugeuza uchochoro, na vijiji vya fyodi navyo ndivyo vilivyokuwa: maji ndiyo yaliyokuwa njia kuu, mpaka alipokuja mtu wa lami.

Jina la Ndagoni nimesikia watu wakilibishania. Mmoja atakwambia ni dago, kambi ya wavuvi wa kuhamahama, kama Wakojani wanavyokwenda dago miezi kadhaa, mpaka pwani ya Kenya. Mwengine atasema ni ndago, yale majani yanayowakera wakulima. Siingilii.

Hori letu na fyodi ya Fosse ni ndugu wa baba tofauti. Mahori ya Pemba nayo ni mabonde yaliyozama bahari ilipopanda, ila yetu hayakuchimbwa na barafu. Fyodi ya Hardanger ina kina cha zaidi ya mita 800. Hori la Chake Chake, maji yakipwa, ni tope na mikoko. Bandari ya zamani pale mjini ilijaa mchanga na matope mpaka meli zikahamia Wesha. Kina tunacho, lakini kiko nje: mlango wa bahari kati ya Pemba na bara unashuka kiasi cha mita 800, karibu sawa na fyodi. Ndiyo maana Unguja iliwahi kuungana na bara bahari ilipokuwa chini, Pemba ikabaki peke yake, na hata popo wetu wakubwa wa Kidike hawapatikani kwengine duniani.

Tofauti inayomhusu mwandishi wa riwaya ni hii: maji ya Fosse hayaondoki. Kwenye fyodi yake maji hupanda na kushuka kidogo tu. Kwetu wakati wa bamvua yanapishana kiasi cha mita nne, na kwenye hori lenye mwambao wa tambarare mita nne ni kijiji kizima kinachoonekana na kupotea. Mwezi ukiandama au ukipevuka, maji hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa kiasi cha saa nne. Kisha kila siku yanachelewa kwa dakika hamsini hivi, mpaka yafike maji mafu, halafu mzunguko unaanza upya. Saa ya ukutani kwa babu ilisimama zamani na hakuna aliyeona haja ya kuinunulia betri. Yeye hukwambia, "Njoo yakianza kupwa," na wewe ndiye wa kujua hiyo ni saa ngapi leo.

Hebu fikiria riwaya yenye saa kama hiyo. Miadi ya wapenzi inayosogea dakika hamsini kila siku. Mgonjwa anayetakiwa kupelekwa Chake usiku, na mashua imekaa juu ya tope, na watu wanasubiri maji huku wakimpepea. Wanawake wanaoteremka saa nne asubuhi ya bamvua kuokota kombe na chaza, au upande wa mashariki wa kisiwa kwenye mwani wao, wakiwa na saa chache tu za kufanya kazi, kusutana, kupanga harusi na kuua jina la mtu. Kisha maji yanawafukuza wote kurudi nyumbani kwa pamoja, kama kengele ya skuli.

Hapo ndipo ninapogombana na Fosse kidogo. Kijiji chake ni kimya mno. Wapo watu wawili watatu wanaopita kama vivuli, kuna kahawa, kuna mkate, kuna kaa wa kuuza, lakini hakuna umbea, hakuna deni dukani, hakuna mtu anayepiga kelele mtoto ateremke kwenye mti. Wanawake wanazaa, wanakufa, au kama Signe, bintiye Johannes, wanatokea mwishoni kuja kumgundua baba. Najua wapo watakaosema huo ndio mtindo wake, na upweke ndio anaouandika. Sawa. Lakini msomaji wa kwetu asije akadhani kijiji cha pwani ni lazima kiandikwe kama swala ya usiku. Ndagoni ina bodaboda zinazokimbiza samaki Chake kabla jua halijapanda, ina simu zinazolia taarabu, ina watoto. Msimu wa karafuu nusu ya watu wako mashambani na waliobaki wanawasema waliokwenda.

Kwa nini basi hatuna riwaya hiyo? Maana sisi si watu wa kukosa waandishi. Said Ahmed Mohamed kazaliwa Pemba mwaka 1947, na kama kuna mtu aliyeniaminisha nikiwa skuli kwamba Kiswahili kinaweza kufanya lolote, ni yeye. Lakini Asali Chungu na Utengano ninavyozikumbuka ni riwaya za mji, za ndani ya nyumba, za milango iliyokomewa. Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed inajua ardhi kama mkulima anavyoijua, na dhuluma ya ardhi pia. Bahari iko mbali. Katika Kuli ya Shafi Adam Shafi bahari ipo, ila ni ya bandarini, mahali mzigo unapoteremshiwa na mgongo wa mtu unapovunjikia. Riwaya yetu ya Zanzibar imekua ikitazama mji na shamba, bwana na mtwana, mtawala na mtawaliwa. Ilikuwa na kazi ya haraka, na iliifanya vizuri. Simlaumu mwandishi yeyote hapa. Hakuna aliyetia saini mkataba na kijiji chake.

Wageni walituandika. J. E. E. Craster alikuja kupima kisiwa atengeneze ramani, akatoa kitabu juu ya Pemba mwaka 1913. Evelyn Waugh alipita, na katika kitabu chake cha safari cha 1931 Pemba ikawa kisiwa cha uchawi, sifa ambayo mpaka leo nikijitambulisha Dar es Salaam mtu huondoa mkono wake pole pole. Karafuu na uchawi. Ukiyajumlisha yaliyoandikwa kwa Kiingereza, mara nyingi unapata hayo mawili.

Washairi ndio waliotuokoa kiasi. Kamange na Sarahani walikuwa wakijibizana kwa mashairi hapa hapa Pemba, na kazi zao zimekusanywa katika Kale ya Washairi wa Pemba, kitabu kilichohaririwa na Abdilatif Abdalla na kutoka mwaka 2011. Na jirani zetu wa Tumbatu walikuwa na Haji Gora Haji, aliyefariki mwaka 2021, mtu aliyeijua bahari kwa mikono kabla hajaijua kwa kalamu. Diwani yake ya Kimbunga ina chumvi ya kweli ndani yake. Lakini shairi hukupa wimbi moja. Mie nataka bamvua zima, siku kumi na nne, na watu wake wote.

Nadhani sababu kubwa ni lugha, na hapa nina la kukiri.

Mwaka wangu wa pili kazini, mashua ilipinduka nje ya Misali. Walikuwa wanne, watatu wakaokolewa, mmoja hakuonekana. Nilitumwa kwa sababu mie ni wa kule. Nikakaa dikoni na wazee, babu akiwa mmoja wao, wakanieleza. Vijana walitoka na maji ya bamvua yanayopwa, maji yakawavuta nje upesi kuliko walivyokusudia. Kule nje mkondo unapanda kwenda kaskazini, na upepo wa kaskazi siku ile ulikuwa unashuka kuja kusini. Vitu viwili hivyo vikikutana bahari inasimama wima, mawimbi mafupi mafupi, na mashua haipati nafasi ya kupumua. Mbingu ilikuwa safi, jua kali. Mzee mmoja akaongeza kuwa siku kama hiyo ndiyo inayoua, kwa sababu inapendeza.

Niliandika hayo. Habari ilipotoka ilisema mashua ilizama kutokana na hali mbaya ya hewa.

Nitakuwa mwongo nikimtupia mhariri peke yake. Aliniuliza bamvua ni nini, kaskazi ni upepo au ni upande, na msomaji wa Mwanza ataelewa vipi. Alikuwa na nafasi ya aya nne. Nikashika kibodi mwenyewe nikafuta. "Hali mbaya ya hewa" niliiandika mie. Wiki iliyofuata gazeti lilifika Ndagoni likasomwa kwa sauti barazani, na mtu mmoja, bila ubaya wowote, akauliza, "Kwani siku ile kulikuwa na mawingu?" Babu hakusema kitu. Mama yake yule kijana alikuwa jirani wa tatu.

Maneno manne yale yalifuta sababu ya kifo cha mtu. Kijana mwengine akisoma, hatajifunza lolote; ataangalia juu, ataona mbingu safi, atatoka.

Fosse anaandika Kinynorsk. Hiki ni Kinorwe kilichoandikwa kutokana na lahaja za vijijini, kazi aliyoianza Ivar Aasen miaka ya 1840 kwa kuzunguka kijiji hadi kijiji akikusanya maneno; sarufi yake ikatoka 1848, kamusi 1850, na mwaka 1885 bunge lao likakipa hadhi sawa na Kinorwe kile cha mijini. Wanaokiandika bado ni wachache nchini kwao. Kwetu mambo yalikwenda njia nyengine. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaundwa 1930, na Kipemba kikabaki cha nyumbani na cha watafiti. Whiteley alikifanyia kitabu mwaka 1958. BAKIZA wakatoa Kamusi la Lahaja ya Kipemba mwaka 2012, na nawashukuru, nimelitumia mpaka jalada limetoka.

Silii juu ya Kiswahili sanifu. Ndicho kinachonilisha, na bila hicho usingekuwa unanisoma. Lakini tazama: bamvua, maji mafu, diko, dema, pondo, dago, hori, hata si maneno ya Kipemba pekee, yamo katika kamusi za Kiswahili fasaha na yanajulikana mwambao mzima. Hayakukatazwa na mtu. Tumeyaacha wenyewe, tulio na digrii, kwa kuona haya ya kumuelezea msomaji. Fosse hakumuelezea mtu. Aliandika kama wanavyosema kwao, na mfasiri akajipinda, na mie msichana wa Ndagoni nikaelewa. Ikiwa mzee wa hori la Chake Chake anaweza kumfahamu mvuvi wa Hardanger kabla kisa hakijaisha, msomaji wa Mwanza, mwenye ziwa zima mlangoni kwake, anashindwa na nini?

Kwa hiyo nakipendekeza kitabu, hasa kwa anayetaka kuandika. Kisomeni taratibu, msiogope nukta zisizopo, na mkifika kwenye mshipi usioshuka mkumbuke kuwa mwandishi hakuivumbua bahari ile, aliikuta mlangoni. Tafsiri ya Kiswahili ningeitaka sana, ila ifanywe na mtu aliyewahi kuloa.

Babu alikuwa na lawama moja tu. Nilipomaliza, Johannes kaondoka na Peter na mashua, alikaa kimya, kisha akauliza mitego ya yule Peter, alipokufa, nani aliyekwenda kuiopoa. Nikamwambia kitabu hakisemi.

"Vipi hakisemi? Samaki wanaingia tu, hawana mtu."

Hakuridhika. Mwaka jana macho yalimshinda, akaacha kutoka, na madema yake mawili ya mwisho yalichukuliwa na binamu yangu. Mwamba alipokuwa akiyatega hakuwahi kumuonesha mtu, hata binamu. Jioni ile akaniambia nichukue kalamu, akanitajia alama: mti gani uulinganishe na paa la nini, ncha ipi ya kisiwa iguse wapi, na maji yawe yamefika kiasi gani. Sikuwa na karatasi nyengine. Nimeandika kwenye ukurasa mtupu wa mwisho wa kitabu cha Fosse, na hapa sizitaji.